Shajara ya mradi: tope la Kikuletwa linapita usiku

9 Februari

Leo ndo tumeanza rasmi. Mradi wenyewe mdogo, mimi na mdogo wangu na mzee msoma geji (ule ubao wenye namba unaoonyesha maji ya mto yamefika urefu gani), hela ya mfukoni na vifaa vya kuazima, lakini swali nimelibeba muda mrefu: Kikuletwa inaingiza tope kiasi gani kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na inaliingiza saa ngapi. Hilo la saa ngapi nimeliongeza leo leo baada ya kuongea na mzee, ntaeleza.

Kwa asiyeujua mto huu, Nyumba ya Mungu inalishwa na mito miwili mikubwa, Ruvu inayotokea upande wa ziwa Jipe na mashariki ya Kilimanjaro, na Kikuletwa inayokusanya maji ya Meru na ya kusini magharibi ya Kilimanjaro. Yani Themi inayokatiza Arusha mjini, Nduruma, Usa, Sanya, Kikafu, Weruweru, Karanga, zote mwisho wake ni mlemle. Kwahiyo shamba likimomonyoka Arumeru udongo wake safari yake inaishia bwawani, kilometa nyingi sana kutoka ulipotoka. Bwawa limejengwa miaka ya 1960, mtambo wake ni megawati 8 tu lakini maji yakishatoka hapo yanateremka kwenda kuzungusha Hale megawati 21 na Pangani Mpya megawati 68, alafu kuna wavuvi, kuna wanaomwagilia, kuna wafugaji. Kila ndoo ya tope inayotua mle ndani imechukua nafasi ya ndoo ya maji na hiyo nafasi hairudi.

Asubuhi tumefika mapema, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, tukakaa naye kwenye jiwe lake. Kazi yake ni kusoma geji mara mbili kwa siku, saa 3 asubuhi na saa 10 jioni, na daftari lake lina mwandiko mzuri ajabu. Nikamweleza tunataka achukue na chupa moja ya maji kila akisoma geji ya asubuhi. Akanitazama kidogo akasema, "Mwanangu nitachukua, lakini asubuhi utapata maji yaliyobaki. Huu mto kazi zake unafanya usiku."

Nimelifikiria hilo neno njia nzima ya kurudi Moshi. Mvua za Meru nyingi zinapiga mchana kuelekea jioni, maji yanachukua masaa kushuka mpaka huku tambarare, kwahiyo mafuriko yanafika watu wamelala, na saa 3 asubuhi mto umeshaanza kushuka. Ina maana sampuli zote za asubuhi, hata ukichukua miaka 10 bila kukosa siku, zote zinakaa upande mmoja wa mafuriko, upande wa kushuka.

11 Februari

Sampuli za kwanza za kiangazi. Tumeazima DH-48, kifaa cha kuchotea sampuli za maji ya mto, hii Wamarekani waliitoa mwaka 1948 na mpaka leo inatumika vilevile, ni ya aluminiamu umbo la samaki, ndani inakaa chupa ya kioo, puani kuna tundu la robo inchi. Unaishika kwa fimbo, unaishusha mpaka karibu na chini ya mto na kuipandisha kwa mwendo mmoja usiobadilika, maji yanaingia kidogokidogo kutoka kila kina. Mkono ukisita katikati umeharibu, na chupa ikijaa mpaka mdomoni umeharibu pia maana maji yanaendelea kuingia na kutoka huku mchanga unabaki ndani, unakuja kupata tope jingi ambalo mtoni halipo. Mdogo wangu amerudia chupa tatu kabla mkono haujatulia.

Tumechagua sehemu ambayo maji yanaishia mapajani, mzee amesimama ukingoni na fimbo ndefu anaangalia mamba, maana huku wapo. Mto ukipanda hakuna mtu wa kuingia, hiyo tumekubaliana na haijadiliwi, itakuwa ni kamba kutoka darajani.

Niliandike na hili mapema: tunachopima ni kinachosafiri kimeelea ndani ya maji, udongo laini na mchanga mdogomdogo. Mchanga mzito na kokoto zinazobingirika chini ni mzigo mwingine na hatuna kifaa chake, kwahiyo namba zetu zote ni sehemu ya mzigo tu.

13 Februari

Maabara (ya shule moja, wametukubalia jioni tu, nawashukuru sana). Utaratibu ni huu: karatasi ya kuchujia ya nyuzi za kioo unaikausha kwenye oveni nyuzijoto 105, unaipoza kwenye chombo kisichopitisha unyevu, unaipima, unachuja maji kwa pampu, unaikausha tena, unaipoza, unaipima tena. Tofauti ya uzito ndo tope lako. Rahisi kwa mdomo.

Chupa ya kwanza imenipa tope la chini ya sifuri. Yani karatasi baada ya kuchuja ni nyepesi kuliko kabla. Nikapima tena, vilevile. Nikahisi mizani, nikaweka jiwe la kupimia, mizani iko sawa. Tumekaa saa nzima tunahangaika mpaka nikakumbuka nyuzi za kioo zenyewe, karatasi mpya ina vipande vidogo vilivyolegea na maji ya kwanza yanavichukua, na maji ya kiangazi yana tope dogo sana kiasi kwamba hivyo vipande vinalizidi. Dawa yake ni kuosha kila karatasi kwa maji safi mara tatu kwenye pampu, kuikausha, ndipo uipime kwa mara ya kwanza. Tumeosha zote 40, imetula jioni mbili.

Baada ya hapo mambo yamekaa. Karatasi gramu 0.1182, baada ya kuchuja mililita 250 imekuwa 0.1297, tofauti miligramu 11.5, ukileta kwenye lita ni miligramu 46. Geji ilikuwa mita 0.90, na kwa jedwali tulilonalo la kubadilisha geji kuwa mtiririko hiyo ni kama mita za ujazo 12 kwa sekunde. Zidisha, unapata nusu kilo na kidogo ya tope kila sekunde, kama tani 48 kwa siku. Hicho ni kiangazi, mto umetulia, maji unaona vidole vya miguu.

Mwalimu wa kemia aliuliza kwanini tusichukue njia rahisi, tuchemshe maji yaishe tupime kinachobaki kwenye bakuli. Kwa mito mingine sawa, kwa huu hapana. Kiangazi sehemu kubwa ya maji ya Kikuletwa ni ya chemchemi, chemchemi kama za Chemka na Rundugai, na maji yanayotokea upande wa Meru yana madini mengi yaliyoyeyuka, hata hiyo floridi inayochafua meno ya watu wa huku inatoka humohumo. Ukichemsha chumvi zote zinabaki kwenye bakuli na wewe unaziandika kama tope. Tumejaribu chupa moja kwa ajili yake, ukoko mweupe uliobaki ulikuwa mzito mara nyingi kuliko tope lenyewe. Ameshika bakuli kaliangalia muda mrefu, akasema atawaonyesha wanafunzi wake.

2 Machi

Sasa nimepata jinsi ya kuukamata usiku bila mtu kukesha ukingoni. Ni chupa zinazojijaza zenyewe maji yakipanda. Sio ugunduzi wetu, wapimaji wa mito wanazitumia toka zamani, sisi tumezitengeneza kwa vitu vya mtaani tu.

Nieleze vizuri maana kuna watu watataka kujaribu. Chupa ya soda ya kioo. Kizibo tumekata kwenye kandambili za zamani, ule mpira wake unabana vizuri kuliko mpira wowote tuliojaribu. Kizibo kina matundu mawili, kwenye kila tundu inapita paipu ya kopa, ile nyembamba ya fundi friji, katuuzia mabaki kwa bei ya kirafiki na kutukunjia mwenyewe kwa springi yake ili isibonyee. Paipu ya kwanza inatoka juu ya kizibo, inapanda kidogo, inakunja kama mpini wa mwamvuli na mdomo wake unaangalia chini. Maji ya mto yakifika mdomoni hayaingii bado, yanapanda ndani ya paipu mpaka kwenye kunjo, yakishavuka kunjo yanaanza kuvutana yenyewe na chupa inajaa kwa sekunde chache. Paipu ya pili ni ya hewa, inapanda juu zaidi na yenyewe imekunja. Chupa ikishajaa mpaka kwenye paipu ya hewa inabaki hewa imenaswa shingoni na kwenye kunjo, maji mapya hayaingii hata mto ukipanda mita nzima juu yake. Kwahiyo unakuwa na maji ya dakika ileile mto ulipofika urefu ule, yamefungwa yanakusubiri asubuhi.

Tumezijaribu kwenye pipa la maji uani. Ya kwanza imevuja. Ya pili imejaa lakini imeendelea kububujika maana tulikata paipu ya hewa fupi. Ya tatu, maji yamepanda, kimya, kimya, alafu ghafla gluglu na imejaa na kusimama. Mdogo wangu kapiga kelele mpaka jirani katoka nje.

14 Machi

Tumesimika. Bomba la chuma la inchi 2, zege chini, limeegeshwa nyuma ya mti mkubwa wa ukingoni ili magogo yanayoshuka na mafuriko yasiligonge moja kwa moja. Chupa tano zimefungwa kwa baindingi waya, midomo yake imepimwa kwa mpira wa maji kulingana na geji: mita 1.2, 1.5, 1.8, 2.1 na 2.4. Kila chupa ina namba ya penseli kwenye kipande cha plasta. Penseli sio kalamu, wino unaondoka na maji, hilo tulijifunza Februari kwa chupa mbili ambazo mpaka leo sijui ni za siku gani.

Pamoja na chupa tumeweka jicho. Ni kifaa kidogo cha kupitisha mwanga ndani ya maji na kupima kiasi gani kimezuiwa na uchafu, kinaandika kila dakika 10, betri na sola ndogo juu ya mti. Sio cha bei kubwa kwahiyo sikitegemei kwa namba kubwa, nakitaka kwa ajili ya saa tu. Mzee atakifuta kwa kitambaa kila asubuhi kwasababu kiangazi mwani unakifunika ndani ya siku tatu na kinaanza kusema mto umechafuka wakati umetulia.

27 Machi

Mvua bado. Mawingu yanajaa Meru jioni na kutawanyika.

Muda huu nimekuwa nasoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwa na wataalamu wa Sweden walipima mabwawa madogo ya Dodoma, Ikowa, Matumbulu, Msalatu, na huku kwetu bwawa la Kisongo karibu na Arusha, wakaonyesha jinsi yanavyojaa udongo na kwamba umri wake ni mfupi. Walipima kwa mikono, kwa kamba na mitumbwi, na kazi yao bado inasomeka leo. Mwaka 1973 ikaja HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo la Kondoa lililoliwa na makorongo. Nakaa nawaza hao wafugaji walioambiwa hamisheni ng'ombe. Kama unataka kumwambia mtu aondoe mifugo yake au aache kulima ukingoni ni haki yake uje na vipimo vya mto wake mwenyewe, vilivyochukuliwa wakati tope linapita kweli, sio makadirio ya mezani. Hili ndo linanifanya nisichoke.

12 Aprili

Umekuja!

Mzee kapiga simu saa 12 na nusu asubuhi, hata salamu hakumaliza, "mwanangu njoo, umepita." Tumefika saa 3 kasoro, barabara ya Mabogini utelezi mtupu. Mto umepanda mpaka kwenye majani, rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, umebeba migomba, matawi, ndoo moja ya bluu inazunguka kwenye kona haitoki. Lakini ulikuwa tayari unashuka, geji inasoma 1.6 na juu yake kwenye bomba kuna mstari wa tope mbichi ukipima ni 2.3. Yani tulichokuwa tunakiangalia sisi, tukishangaa hivyo, kilikuwa ni mabaki.

Bomba limesimama. Chupa ya chini kabisa na ya pili zilikuwa bado chini ya maji, tukasubiri mpaka jioni kuzitoa. Ya tatu na ya nne zimejaa. Ya tano, ya 2.4, kavu kabisa na ndani ya paipu yake kuna buibui ameshaweka utando. Sijui kwanini lakini huyo buibui ndo alinipa uhakika kuliko kitu chochote, maana kama yeye yuko hai basi mto haukufika pale na mstari wa 2.3 ni wa kweli.

Saa 3 kamili mzee katoa chupa ya asubuhi kama kawaida, darajani, kwa kamba. Nikaishika mkono mmoja na chupa ya 1.8 mkono mwingine, tukazitikisa na kuziweka juu ya jiwe. Ile ya asubuhi baada ya dakika 10 ilikuwa na utando mwembamba wa tope chini. Ile ya usiku ilikuwa na kidole kizima, na juu yake maji bado yamekolea kama uji wa ulezi. Mzee akainama akaangalia muda, akasema, "Hii ndo nilikuwa nakwambia."

14 Aprili

Maabara. Jana umeme ulikatika karatasi zikiwa ndani ya oveni, tukaziacha humo mlango umefungwa na kuanza kukausha upya leo. Kwa tope kama hili huwezi kuchuja mililita 250, karatasi inaziba, tumechuja mililita 50 tu baada ya kutikisa chupa kwa nguvu na kumimina harakaharaka kabla mchanga haujatua. Hapo ndo pa kuwa makini, ukisita sekunde tano mchanga umebaki chini ya chupa na umepima udongo laini peke yake.

Chupa ya 1.2 imetoa miligramu 1,840 kwa lita. Ya 1.5 imetoa 3,970. Ya 1.8 ni 3,120. Ya 2.1 ni 2,260. Na chupa ya mzee ya saa 3 asubuhi, geji 1.6, ni 640.

Nimezirudia hizo namba mara tatu kwa kutumia maji yaliyobaki, zinakuja zilezile au karibu.

Tope halikusubiri maji yafike juu. Lilifika kileleni mto ukiwa kwenye 1.5 tu, na maji yalivyozidi kupanda lenyewe lilikuwa limeshaanza kupungua. Maana yake yale maji ya mwanzo ndo yanayozoa, udongo uliolegea mashambani, vumbi la mapito ya ng'ombe, tope lililolala kwenye mifereji toka mwaka jana, vyote vinapakiwa kwenye wimbi la kwanza. Maji ya baadae ni mengi lakini yanakuta pameshafagiliwa.

Alafu angalia 1.5 na 1.6. Geji karibu sawa kabisa, mto ukiupiga picha utasema ni uleule, lakini ukipanda umebeba 3,970 na ukishuka umebeba 640. Mara sita. Watu wengi wanachofanya ni kuchora mstari mmoja wa geji dhidi ya tope na kusomea humo miaka yote, na kama mstari umechorwa kwa sampuli za asubuhi basi kila mafuriko umeyapunguza bila kujua.

Kwenye 1.5 jedwali linanipa kama mita za ujazo 38 kwa sekunde. Zidisha na 3,970, ni kilo 150 za udongo kila sekunde. Mifuko mitatu ya saruji, kila sekunde, inapita gizani chini ya daraja watu wamelala. Hali hiyo ikidumu saa moja tu ni tani 543, na hizo ni zaidi ya siku 11 za ule mto wa Februari.

Tahadhari zake nazijua. Chupa imechukua maji ya juu na ya ukingoni, katikati na chini tope huwa ni jingi zaidi hasa mchanga, kwahiyo kama namba ina kosa basi huenda kosa ni la kupunguza. Pia chupa zinakamata mto ukipanda tu, kushuka hazikamati, huko ndo chupa ya mzee ina kazi yake. Zote mbili zinahitajiana.

16 Aprili

Jicho limesomwa. Kama nilivyotegemea limeshindwa na tope lenyewe, likifika kama gramu moja na nusu kwa lita haliwezi kuona zaidi na linachora mstari ulionyooka. Ila saa limenipa. Maji yameanza kuchafuka saa 4 na dakika 20 usiku, saa 5 limefika mwisho wa uwezo wake, na limerudi kuona saa 10 alfajiri. Kama masaa matano hivi. Msoma geji mwaminifu kuliko wote duniani, anayesoma saa 3 asubuhi na saa 10 jioni bila kukosa, asingeona hata dakika moja ya hayo masaa.

30 Aprili

Mafuriko mengine juzi usiku, kilele 2.2, karibu sawa na yale. Chupa ya 1.5 safari hii imetoa 1,450. Nilifikiri nimekosea lakini mdogo wangu ndo kaliona, kasema nenda kaangalie mashamba. Kweli, wakati wa mvua ya kwanza ardhi ilikuwa uchi, imelimwa, imekanyagwa na mifugo kiangazi kizima. Sasa mahindi yamefika magotini, majani yameota kwenye kingo na mapito. Mvua ni ileile, mto uleule, udongo umeshikwa. Kwahiyo hata mstari mmoja wa masika nzima hautoshi, mwanzo wa mvua una hesabu yake na mwisho una hesabu yake.

Jingine ni rangi. Nimepanga karatasi zote kwenye ubao kwa tarehe. Za Aprili 12 ni kijivu cha hudhurungi, za juzi zimeelekea wekundu. Nikamwonyesha mzee bila kumwambia chochote. Kagusa za kijivu kasema hili la Meru, kagusa nyekundu kasema hili la Kilimanjaro, mvua juzi ilikuwa huko Machame. Nikaenda kuuliza, kweli jioni ile Machame ilinyesha sana na upande wa Arusha ilikuwa manyunyu. Sitaiweka kwenye hesabu kwasababu macho sio mizani, lakini kuanzia sasa kila karatasi inapigwa picha kwenye mwanga wa aina moja, na nataka msimu ujao tuweke bomba la pili juu, kabla mito ya Kilimanjaro haijaingia, ili tutenganishe mzigo wa huku na wa kule.

10 Mei

Tumeenda mpaka bwawani, sehemu mto unapoingilia. Nilitaka kuona mzigo unakotua. Maji yakiingia bwawani yanapoteza kasi, mchanga unashuka kwanza hapo hapo mlangoni, udongo laini unaenda mbele zaidi na kutua polepole, ndo maana yanayotoka upande wa pili ni masafi.

Mvuvi mmoja, mtu mzima, alikuwa anatengeneza nyavu zake za perege. Baada ya salamu nikamwuliza mlango wa mto ulikuwa wapi zamani. Hakujibu kwa mdomo, kanyoosha mkono kuonyesha huku tulikosimama, kisha kageuka kaonyesha kule mbele kwenye matete ambako sasa mtumbwi unaanzia. Tumetembea kutoka hapo mpaka kule, hatua mia nne na kitu, juu ya udongo mgumu wenye nyufa, kuna nyayo za ng'ombe na mtu ameshapanda mahindi. Nikachimba kidogo kwa panga, imetoka mistari mistari, mchanga mwembamba alafu udongo laini alafu mchanga, kila mstari ni mafuriko fulani yalipita usiku fulani. Nimechukua kipande kimoja nimekifunga kwenye mfuko, kipo mezani hapa naandika.

18 Mei

Mvua zimeisha kwa sasa. Tumetoa chupa zote, paipu mbili zilikuwa zimeziba tope tumezizibua kwa spoku ya baiskeli, vizibo vya kandambili bado vizima. Bomba limeinama kidogo upande wa mto, tutalinyoosha Septemba kabla ya vuli na kuongeza chupa ya mita 2.7 juu yake. Seti ya pili ya paipu fundi friji ameshaanza kukunja.

Mzee nimemwachia chupa 60, penseli na plasta. Ataendelea na ya asubuhi kiangazi chote. Tulivyokuwa tunaondoka kaniita nirudi, akafungua daftari lake kunionyesha kitu, pembeni ya safu za geji ameanza safu mpya aliyoichora mwenyewe kwa rula, ameandika juu yake "alama ya usiku", na kila asubuhi sasa anapima mstari wa tope mbichi kwenye bomba na kuuandika humo. Tayari ana siku 23.